Monosakaridi ni sukari iliyo peke yake

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninasoma baiolojia na nimekwama kwenye neno monosakaridi. Kitabu changu kinasema tu kwamba ni "sukari rahisi", kisha kinaendelea na mengine. Mwenzangu anasema mono ni moja, kwa hiyo ni sukari yenye kaboni moja, lakini naona glukosi ina kaboni sita na bado inaitwa hivyo. Neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na je, hilo "sakari" la katikati ni sukari yetu hii au ni kufanana tu kwa sauti?

Jibu: Marahaba. Sauti hizo hazikufanana kwa bahati. Sakari iliyomo ndani ya monosakaridi na sukari tunayoitamka kila siku ni watoto wa ukoo mmoja, na nitakueleza walipoachana njia. Lakini kwanza nimjibu mwenzako, maana kosa lake nimekutana nalo kila mwaka niliofundisha, na mwanafunzi akibaki nalo, somo zima la kabohaidreti linamponyoka.

Mono katika neno hili inahusu sukari, haihusu kaboni. Tena hata kuitafsiri kwa "moja" hakunitoshelezi. Mgiriki wa kale alipohesabu moja, mbili, tatu, moja yake ilikuwa heis, si monos. Monos ilimaanisha pekee, asiye na mwenzi. Ndiyo maana makao ya watawa yakaitwa monasteri: watawa wa mwanzo waliyaacha makazi ya watu wakaenda kuishi peke yao. Basi ukilipasua neno lako vipande vitatu, mono, sakari na idi, unachobaki nacho mkononi ni sukari iliyo peke yake, yaani molekuli ya sukari ambayo haikushikamana na molekuli nyingine ya sukari. Ndani yake mna kaboni ngapi, hilo ni suala jingine kabisa.

Nalo suala hilo lina majina yake. Sukari ya kaboni tatu ni triosi, ya nne ni tetrosi, ya tano ni pentosi, ya sita ni heksosi, ya saba ni heptosi. Zote hizo zikiwa hazina mwenzi ni monosakaridi. Kwa hiyo glukosi hubeba majina mawili bila kugongana: ukitazama kwamba iko peke yake ni monosakaridi, ukihesabu kaboni zake ni heksosi. Kaboni tatu ndicho kiwango cha chini kwa hesabu ya kawaida ya wanakemia, na waliopo pale chini ni wawili tu, gliseraldehaidi na dihaidroksiasetoni. Mwambie mwenzako pia kwamba molekuli ya kaboni moja yenye uwiano uleule wa haidrojeni na oksijeni ulio kwenye glukosi ipo kweli. Fomula yake ni CH2O, na jina lake ni fomaldehaidi, ile inayoyeyushwa majini kupata fomalini ya kuhifadhia vielelezo vya maabara. Ni sumu, na si sukari.

Sasa tazama sukari inapopata mwenzi, maana upekee hauonekani vizuri mpaka uuone ukivunjika. Sukari nyeupe ya mezani kwa jina la kikemia ni sukrosi. Molekuli yake ni glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja. Glukosi ni C6H12O6. Fruktosi nayo ni C6H12O6, atomi zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa vingine. Ukizijumlisha ungetarajia C12H24O12. Lakini sukrosi ni C12H22O11. Kuna haidrojeni mbili na oksijeni moja zisizoonekana, na ukizikusanya hizo unapata molekuli moja ya maji. Hata kwa uzito hesabu inakubali: 180 na 180 ni 360, sukrosi ina 342, na 18 iliyopungua ndiyo uzito wa maji. Sukari mbili zikishikana mikono, maji hutoka katikati yao. Ukitaka kuziachanisha, sharti uyarudishe maji yale. Kitendo hicho cha kurudisha maji na kufungua kifungo ndicho haidrolisisi, neno lililoundwa kwa hydor, maji, na lysis, kufungua.

Hapo ndipo ilipo maana kamili ya neno uliloniuliza. Monosakaridi ni sukari ambayo haidrolisisi haiwezi kuigawa ikatoa sukari ndogo zaidi. Umefika mwisho wa kamba, hakuna fundo jingine la maji kufungua. Sukrosi ikifunguliwa hutoa sukari mbili, ndiyo maana ni disakaridi. Zikiwa chache, tuseme kati ya tatu na kumi hivi, huitwa oligosakaridi, kwa kuwa oligos ni -chache. Zikiwa nyingi, mamia au maelfu, ni polisakaridi, kutoka polys, -ingi. Pekee, mbili, chache, nyingi: ukoo mzima umepangwa kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa kama yangekuwa kwa lugha yake.

Maana hii haikuzaliwa kwenye karatasi. Ilitoka kwenye chungu kilichokuwa kinachemka. Mwaka 1811, mjini Saint Petersburg, mkemia Gottlieb Kirchhoff alichemsha wanga kwenye maji yenye asidi kidogo ya salfa. Uji ule mzito ulilegea, ukawa maji, na mwishowe ukawa mtamu. Asidi yenyewe haikupungua, jambo ambalo miaka kadhaa baadaye lilikuwa moja ya mifano aliyoitegemea mkemia Msweden Jöns Jacob Berzelius alipotoa jina la katalisisi, yaani kitu kuharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika. Mwaka 1819, Henri Braconnot huko Ufaransa alifanya la kushangaza zaidi. Alichukua vitambaa vikuukuu vya kitani, akavitia kwenye asidi ya salfa, akaongeza maji na kuchemsha, na mwisho wa kazi akapata sukari. Fikiria hilo kidogo. Nguo iliyochakaa mwilini mwa mtu ilikuwa imefumwa kwa sukari muda wote, na hakuna aliyeonja utamu wake, kwa sababu sukari zile zilikuwa zimefungana kwenye minyororo mirefu ya selulosi. Wanga wa Kirchhoff na kitani cha Braconnot vyote viliishia kwenye glukosi ileile. Tofauti ya minyororo hiyo miwili iko kwenye upande ambao kila glukosi inamshika mwenzake, kile wanakemia wanachokiita kifungo cha alfa kwenye wanga na cha beta kwenye selulosi. Tofauti ndogo hiyo ndiyo inayofanya mwili wako umeng'enye wanga na kuiacha selulosi ipite.

Kwa majaribio kama hayo wanakemia wa karne ya 19 waligundua kwamba vitu vingi visivyofanana hata kidogo huishia, vikichemshwa na asidi, kwenye sukari chache zisizogawanyika zaidi. Walihitaji jina la hizo za mwisho. Majina kadhaa yalijaribiwa, na kuelekea mwisho wa karne hiyo monosakaridi likashika.

Niseme hapa jambo moja kabla hujanielewa vibaya. Kusema maji hayawezi kuigawa si kusema haivunjiki. Seli zako zinaivunja glukosi sasa hivi unaposoma. Katika glaikolisisi, glukosi yenye kaboni sita hukatwa na mwishowe hutoa molekuli mbili za piruvati, kila moja na kaboni tatu. Ila piruvati si sukari. Hapo molekuli imeharibiwa ili itoe nishati, haikufunguliwa tu. Ni kama tofauti ya kuutungua ushanga kutoka kwenye uzi na kuuponda ushanga wenyewe.

Turudi kwenye sakari, kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Mzizi wake ni neno la Kisanskriti, śarkarā. Maana yake ya awali haikuwa na utamu wowote: lilimaanisha changarawe, mchanga wa chembe kubwa. Watu wa India walipojua kuchemsha maji ya miwa mpaka yakagandamana na kuwa chembe ngumu, waliziangalia chembe zile wakaona changarawe, wakaziita hivyo. Jina la sukari, kwa asili yake, halisemi ladha. Linasema jinsi inavyohisi mkononi na inavyosagika kati ya meno.

Kutoka hapo neno likashika njia mbili. Njia ya kwanza ilielekea kwa Wagiriki. Nearchus, jemadari wa merikebu za Aleksanda Mkuu katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikuwa amekwisha kusimulia habari za matete ya India yanayotoa asali bila nyuki. Alikijua kitu, jina lilikuja kuwafikia Wagiriki kwa matamshi ya lugha za kawaida za India, ambazo zilikuwa zimeilainisha śarkarā ikawa sakkharā. Wagiriki wakaandika sakkharon. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu Dioscorides aliieleza kama aina ya asali iliyogandamana, ipatikanayo kwenye matete huko India na Arabuni, yenye umbo kama chumvi na inayovunjika menoni kama chumvi. Angalia alivyoifananisha na chumvi: changarawe ileile bado inasikika. Kwa Wagiriki na Warumi ilikuwa dawa, haikuwa kitu cha kuwekwa jikoni.

Kuna ushahidi mmoja wa karne hiyohiyo ambao hunigusa kila ninapoukumbuka. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki, ujulikanao kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaorodhesha shehena zilizoletwa na vyombo kutoka Barygaza, bandari ya magharibi mwa India, hadi bandari za Pembe ya Afrika. Pamoja na ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba, mwandishi anataja asali ya matete iitwayo sakkhari. Kwa hiyo neno lililomo ndani ya monosakaridi, katika moja ya maandishi ya zamani kabisa ya Kigiriki yanayolitaja, linatajwa likiwa ndani ya chombo kinachoelekea Afrika kwa upepo wa kaskazi. Lilipita kwenye maji yetu kabla halijaingia maabara yoyote.

Njia ya pili ilipita midomoni mwa watu. Waajemi walisema shakar. Waarabu wakalipokea kama sukkar, wakaeneza kilimo cha miwa na ufundi wa kutengeneza sukari mpaka pwani za Mediterania, na kila walipofika waliliacha neno: Wahispania wakasema azúcar, Waitaliano zucchero, Wafaransa sucre, na Kiingereza nacho kikapata chake kupitia Kifaransa. Sisi tulilichukua moja kwa moja kutoka Kiarabu, likawa sukari.

Kwa hiyo usikubali ukiambiwa kwamba sukari yetu imetokana na saccharum ya Kilatini. Hazikuzaana. Ni mabinamu: bibi yao ni śarkarā. Ukoo mmoja ulisafiri kwa midomo ya wachuuzi na mabaharia, ukabadilika kila bandari. Ukoo mwingine ulifungiwa vitabuni mwa matabibu, kutoka Kigiriki hadi Kilatini, na kule vitabuni ndiko wanasayansi wa Ulaya walikoukuta walipotaka majina ya heshima kwa vitu vyao. Carl Linnaeus aliupa muwa jina la Saccharum officinarum mwaka 1753. Mwaka 1838 chachu ikaitwa Saccharomyces, yaani kuvu wa sukari. Baadaye ikaja monosakaridi.

Nasema hili kwa furaha kwa sababu Kiswahili kimekupa faida ambayo wengi hawana. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza huona sugar upande mmoja na saccharide upande mwingine, na sikio lake halimwambii kwamba zinahusiana. Ni lazima afundishwe. Wewe umesikia sakari ukashuku sukari kabla hujaambiwa na mtu. Sikio lako lilikuwa sahihi. Tulipolizoea neno hili kwa tahajia ya Kiswahili, mabinamu wawili waliotengana kwa karne nyingi walijikuta wameketi mkeka mmoja.

Kipande cha tatu, -idi, sina mengi ya kukisimulia. Kilianza Ufaransa mwaka 1787, Guyton de Morveau na Antoine Lavoisier na wenzao walipounda upya majina ya kemia. Walichukua mwanzo wa oksijeni na mwisho wa neno lao la asidi, wakapata oksidi. Mkia ule ukakatwa na kupachikwa kwingineko, kloridi, salfidi, baadaye peptidi, mpaka ukawa na maana pana ya kitu cha jamii fulani. Monosakaridi ni kitu cha jamii ya sukari kilicho peke yake.

Mkia mwingine ndio unaostahili muda wako, -osi, kwa kuwa monosakaridi karibu zote hujitambulisha kwao. Glukosi yenyewe ilijulikana kabla ya kupata jina. Andreas Marggraf, mjini Berlin, aliitoa kwenye zabibu mwaka 1747. Kwa muda mrefu iliitwa kwa mahali ilipotoka, sukari ya zabibu, sukari ya wanga, sukari ya mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1838 kamati ya Akademia ya Sayansi mjini Paris, iliyokuwa na Jean-Baptiste Dumas ndani yake, ilitambua kwamba hizo zote ni kitu kimoja na ikapendekeza glucose, kutoka neno la Kigiriki gleukos, divai mpya ambayo bado ni tamu. Ule mwisho wake ukapendwa, ukawa muhuri wa sukari. Mwaka 1857 mkemia Mwingereza William Allen Miller akatoa fructose kwa neno la Kilatini fructus, tunda, na sucrose kwa kuchukua sucre ya Wafaransa. Galaktosi inatokana na gala, maziwa kwa Kigiriki. Laktosi ni maziwa pia, ila kwa Kilatini, nayo ni disakaridi: glukosi na galaktosi zilizoshikana. Wafaransa wameufanya mkia huu kuwa neno kamili. Kwao monosakaridi huitwa kwa kifupi ose.

Ribosi ina hadithi ya peke yake. Kwenye gundi ya mgunga iitwayo gundi ya Kiarabu hupatikana sukari ya kaboni tano iliyoitwa, kwa sababu hiyo, arabinosi. Mwaka 1891 Emil Fischer na Oscar Piloty walitengeneza maabara ndugu yake wa karibu sana, na wakampa jina kwa kuzichanganyachanganya herufi za arabinosi na kuacha baadhi: ribosi. Halikuwa na maana nyingine yoyote. Kisha mwaka 1909 Phoebus Levene akaonyesha kwamba sukari hiyo ni sehemu ya asidi za nyukliasi, na mwaka 1929 akaitambua deoksiribosi. Kwa hiyo ile R ya RNA na ile D ya DNA, herufi zinazojulikana dunia nzima, zimesimama juu ya jina lililopatikana kwa kupangua herufi za gundi.

Ukiwa kwenye mkia huu, jihadhari na jirani yake. -Osi ni sukari, -asi ni kimeng'enya. Laktosi ni sukari ya maziwa, laktasi ni kimeng'enya kinachoifungua. Irabu moja ikikosewa kwenye mtihani, umeandika kisu mahali pa mkate. Na ukikuta chupa ya dripu imeandikwa dekstrosi, usifikiri ni kitu kigeni. Ni glukosi ileile, ikiitwa kwa sababu myeyusho wake hugeuza mwanga uliopolarishwa, yaani mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja tu, kuelekea kulia, dexter kwa Kilatini. Fruktosi huugeuza kushoto, ndiyo maana iliwahi kuitwa levulosi.

Sasa jina la nyumba nzima: kabohaidreti. Mwaka 1844 Carl Schmidt aliangalia fomula kama C6H12O6, akaona haidrojeni na oksijeni ziko kwa uwiano wa maji, mbili kwa moja, kana kwamba kaboni imelowekwa. Akaziita kaboni zenye maji. Jina limebaki ingawa wazo lilikuwa na kasoro, kwa maana hakuna molekuli za maji zilizokaa ndani ya glukosi. Kuna kaboni zilizobeba vikundi vya haidrojeni na oksijeni, pamoja na kikundi kimoja cha aldehaidi au ketoni, na kikundi hicho ndicho kinachozigawa sukari hizi kuwa aldosi na ketosi. Glukosi ni aldosi, fruktosi ni ketosi. Usiitegemee fomula peke yake kuitambua monosakaridi. Asidi ya siki, C2H4O2, inatimiza uwiano ule wa maji na haina undugu na sukari. Deoksiribosi, C5H10O4, haiutimizi, na ni monosakaridi halali.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada hapa. Tunatumia neno wanga kwa mambo mawili: kwa kabohaidreti zote, na kwa polisakaridi moja mahususi iliyohifadhiwa na mimea kwenye mbegu na mizizi. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Kwenye somo la kemia ya viumbe utaandika sentensi kama "glukosi ni wanga", na anayekusahihisha hatajua kama umeelewa au umechanganya. Ushauri wangu ni kuiachia wanga maana yake ya pili, na kwa jamii nzima kusema kabohaidreti.

Umbo la monosakaridi lingehitaji barua nyingine, ila siwezi kupita bila kumtaja tena Fischer. Heksosi za aina ya aldosi zinaweza kupangwa kwa namna 16, zote zikiwa na fomula ileile ya glukosi. Fischer, bila mashine yoyote ya kuona molekuli, kwa kutumia mbinu za kemia na kufikiri tu, alitangaza mwaka 1891 ni upi kati ya mipangilio hiyo ni wa glukosi. Kazi yake juu ya sukari na purini ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902. Baadaye Norman Haworth, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1937, alionyesha kwamba glukosi majini haikai imenyooka kama kitabu chako kinavyoichora mara ya kwanza. Zaidi ya asilimia 99 ya molekuli zake hujikunja na kuwa pete. Pete hiyo bado ni monosakaridi. Imejishika yenyewe, haikumshika mwenzake.

Huenda ukajiuliza kama mgawanyo huu wa pekee, mbili na nyingi ni desturi ya wanakemia tu. Sivyo, na utumbo wako ndio shahidi. Utumbo mwembamba hupokea na kupitisha kwenye damu sukari zilizo peke yake tu: glukosi na galaktosi kwa mlango mmoja wa protini, fruktosi kwa mlango mwingine. Disakaridi ikifika pale hukuta mlango umefungwa. Lazima kimeng'enya kilichopo ukutani mwa utumbo kiifungue kwanza, sukrasi kwa sukrosi, laktasi kwa laktosi. Mtu ambaye laktasi yake imepungua akinywa maziwa, laktosi hupita ikiwa bado mbilimbili hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha, na hapo huja gesi, tumbo kuunguruma na kuhara. Mateso yake yote yanatokana na sukari mbili ambazo hazikuachanishwa.

Usiipime monosakaridi kwa ulimi pia. Fruktosi ni tamu kuliko sukrosi na glukosi ina utamu mdogo kuliko sukrosi, lakini kuna umbo moja la manosi, lile la beta, lenye uchungu, na bado ni monosakaridi kamili. Upande wa pili, sakarini, iliyogunduliwa na Constantin Fahlberg mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ni tamu mara mamia kuliko sukari ya mezani, ina jina la ukoo, na haina chembe ya sukari ndani yake. Ilipewa jina kwa ladha tu.

Limebaki lile la kitabu chako, "sukari rahisi". Aliyetafsiri alikuwa na nia njema, lakini rahisi kwetu ni kisicho kigumu kufanya au kisicho ghali, na sukari hii haihusiki na lolote kati ya hayo. Glukosi ilimchukua Fischer miaka kadhaa. Hakuna aliyeiona rahisi. Tunalo neno linalofaa zaidi, na umeshalitumia kwenye somo la sarufi: sahili. Sentensi sahili ni sentensi iliyo peke yake, isiyounganishwa na nyingine. Sentensi ambatano ni ile iliyounganishwa. Hiyo ndiyo hasa tofauti ya monosakaridi na disakaridi. Kwa hiyo kwenye daftari lako andika sukari sahili. Kuhusu tahajia, utakuta pia monosakaraidi kwa wanaofuata matamshi ya Kiingereza. Si kosa, lakini mimi huandika monosakaridi, kama tunavyoandika oksidi na kloridi, na kwa sababu sukari inasikika humo vizuri zaidi.